Senene Ambao Bibi Hakuwala

Kila akimaliza kazi za nyumbani, Kemilembe alikimbilia uwanjani Kanazi kucheza rede. Jumamosi ile dada yake Dativa alimzuia. Dativa alikuwa likizo kutoka chuo kikuu, ambako alisoma uchumi, na masomo ya wanawake kama somo la nyongeza.

"Kwani wanawake nao wanasomewa?" Kemilembe alimtania.

"Tena sana! Shika simu, nenda kwa bibi umrekodi. Muulize alivyoishi usichanani, na habari ya wale panzi wetu, senene, usiiache. Mimi nawahi Bukoba mjini. Kesho namtumia mwalimu wangu wa chuo rekodi hiyo."

Bibi Magdalena alikuwa kibanjani, akipalilia maharage chini ya migomba. "Ningoje nimalize hapa, waitu, mjukuu wangu," alisema.

Kemilembe alikaa, akasimama, akakaa tena. Kelele za rede zilimwasha miguu. Mwishowe alijificha nyuma ya jiko, akaikwaruza sauti iwe ya kizee, akajirekodi: "Sisi wasichana tulikamata senene, tukakaanga, tukala tukashiba." Akatoka mbio.

Jioni Dativa alisikiliza. "Bibi ana mafua? Lakini ajabu! Wazee wengine wote niliowarekodi wamesema tofauti. Hii nitaiweka mwanzo kabisa."

Kemilembe aliacha ndizi zake nusu, akaenda kulala. Kesho yake kanisani alijigeuzageuza kwenye benchi mpaka mama akamfinya. Waliporudi, Dativa alikuwa tayari ameishika simu.

"Dada, usitume! Ile sauti ni yangu."

Dativa aliirudisha simu mfukoni. "Kumbe ningepeleka uongo chuoni, kwa jina langu! Twende kwa bibi. Utamwambia mwenyewe, nami nitarekodi."

Bibi aliposikia, alicheka hadi machozi. "Tukala tukashiba? Mimi? Tulikamata, tukawanyonyoa mabawa, tukakaanga. Wakala baba na kaka zetu; kwetu wanawake ilikuwa mwiko. Sisi tulipata harufu tu. Nilionja mara ya kwanza nikiwa tayari mama wa watoto, tena nimejificha!"

Kemilembe, aliyekula senene tangu alipoota meno, alimsogelea. "Bibi, hamkuiba hata mmoja?" Akauliza hili, akauliza lile, simu ikiendelea kurekodi. Safari hii hakuinuka.

Bibi alipochoka kusema, Dativa aliizima simu. "Umeona ulichofanya, mdogo wangu? Bibi alinyimwa senene ujana wake wote, wewe ukamshibisha kwa maneno. Mtu ana kinywa chake. Muulize, kisha umngoje ajibu."