Aliyesimama Kati ya Sanamu

Ndugu zangu, nyumba ya fundi cherehani ilikuwa na amani ya kuonewa wivu. Mchana yeye alishona katika chumba cha mbele. Mumewe, mpakia mizigo ghalani, akirudi alimchemshia chai, wakacheka hadi majirani wakasikia. Kisha fundi akaleta sanamu za kuvalisha nguo, nyeupe, zisizo na macho.

Tangu siku hiyo mume alianza kuingilia mlango wa uani.

"Zinasubiri nigeuke," alisema, jasho likimtiririka. "Zifunike hata kwa shuka, mke wangu."

Fundi alicheka. Pandikizi la mtu kuogopa plastiki, nani asingecheka? Wifi yake ndiye aliyemwaga petroli motoni.

"Kaka yangu unamdekeza. Dawa ya moto ni moto. Mfungie nazo, atazoea."

Jamani, akamsikiliza. Adhuhuri moja alimwambia mumewe, "Nenda chumba cha mbele kaniletee mkasi, nimeshazifunika." Mume akaingia bila wasiwasi, na mlango ukafungwa kwa nje.

Mwanzoni aligonga. Kisha akabembeleza kwa sauti ya chini. Kisha kimya.

"Umeona?" wifi akasema. "Ameshazoea."

Lakini fundi alikuwa ameshashika ufunguo. Akafungua.

Hakuona mtu. Sanamu zilisimama kwenye mstari wao, kila moja na vazi lake, na ya mwisho ukutani ilivaa koti ambalo hakukumbuka kuivalisha. Akalitazama koti lile. Juu yake kulikuwa na kidevu, na kidevuni jasho lilikuwa likidondoka.

"Usiniite," mumewe alinong'ona bila kutikisa midomo. "Zikijua mimi si mwenzao, nimekwisha."

Fundi alilia kwa aibu na huruma. Alizifunika moja moja, akimweleza kila anachofanya, kisha akakaa sakafuni karibu naye bila kumvuta. Jua lilikuwa linazama alipokubali kushikwa mkono.

Leo sanamu ziko stoo, na mume anatibiwa na mtaalamu, mkewe akimsindikiza. Siku nyingine huweza kuzitazama kutoka mlangoni, mlango ukiwa wazi. Ila mkewe akimwambia jambo lolote, hata kwamba nje kuna jua, kwanza huenda kuangalia mwenyewe.

FUNZO

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hofu ya mwenzio usiicheke, wala usimtibu kwa hila. Mtafutie mtaalamu, uende naye kwa mwendo wake. Na ukimwambia umezifunika, basi uwe umezifunika.