Kijumba Chenye Dirisha

Foleni ya fotokopi nje ya chuo ilikuwa imejikunja mpaka barabarani. Kijana anayesomea kompyuta, mwaka wa kwanza, shati limepigwa pasi upande mmoja tu, alikuwa amekumbatia mitihani ya kalkulasi ya miaka sita iliyopita.

"Unatoa kopi au unaipeleka mahakamani?" akauliza dada aliyekuwa nyuma yake. Gauni la njano, kalamu nyekundu imechomekwa kwenye nywele.

"Natafuta majibu, dada'ngu. Kama unayo, niokoe."

"Mimi ndiye ninayesahihisha kazi zenu. Wewe ndiye uliyeandika 'Mungu anajua' swali la tatu?"

Kijana akatazama viatu vyake. "Kwani hajakwambia?"

Dada akacheka mpaka kalamu ikadondoka. Wakainama wote wawili kuiokota, wakagongana vichwa. Basi, yakaanzia hapo.

Dada alikuwa mwaka wa tatu wa hisabati. Mhadhiri alikuwa amemwahidi barua ya kumwombea nafasi ya shahada ya pili, mradi asahihishe bila doa. Jumamosi alimfundisha kijana maktabani. Hesabu ya integrali ikiwa na fujo, alichora kijumba chenye paa kuizunguka ile fujo.

"Kinachokusumbua kifungie humu, kiite u. Piga hesabu kwa amani. Ukimaliza, fungua mlango ukitoe."

"Nani kakufundisha hivi?"

"Baba. Alikuwa fundi ujenzi, kila karatasi alichora nyumba. Hakuna mwingine anayefanya hivi, kwa hiyo usiniibie."

Kila asubuhi simu iliita.

"Umeamka, laazizi?"

"Nimeamka na x. Imelala upande wako, inakoroma."

"Mpe salamu, mwambie namwonea wivu."

Siku ya kuzaliwa ya dada ilipokaribia, kijana alitengeneza zawadi ya fani yake: programu iliyotatua integrali hatua kwa hatua, na vijumba vikajichora vyenyewe. Kwa mapenzi yaliyomzidi akili, akakiongezea kila kijumba kidirisha. Akashindwa kujizuia, akamwonyesha mwenzake wa chumbani.

"Angalia tu. Usimpe mtu."

"Mimi tena, kaka?"

Jumatatu ilipokusanywa kazi ya darasa, karatasi arobaini zilikuwa na vijumba. Wanafunzi walikuwa wamenakili kila kitu, mpaka madirisha.

Mchana ule simu iliita.

"Mpenzi, mhadhiri anasema nimewagawia majibu. Vijumba vyangu viko kwenye karatasi zote. Unajua chochote?"

Akilini kijana alimwona mama yake, anayempigia kila Jumapili kumwita injinia wangu. Akajiona amefukuzwa chuo, yuko mlangoni na begi.

"Hapana," akasema. "Sijui."

"Haya," akajibu dada.

Kijana alivumilia siku tatu. Ya nne akaenda ofisini kwa mhadhiri, akasema yote. Akafutiwa somo, alirudie mwaka unaofuata. Dada akasafishwa jina. Lakini maombi ya nafasi ile yalikuwa yamefungwa jana yake, na barua ilikuwa imeandikiwa mtu mwingine.

Walionana palepale kwenye fotokopi. Gauni lilikuwa lilelile la njano. Nywele hazikuwa na kalamu.

"Programu yako nimeiona," alisema. "Nzuri. Ungeniletea mimi kwanza, ningelia kwa furaha."

"Niliogopa, mpenzi."

"Nilijua ni wewe kabla sijakupigia. Nani mwingine angenifikiria mpaka aniwekee dirisha? Ningekusamehe hapohapo kwenye simu. Nilitaka uniambie tu."

"Nimemwambia mhadhiri..."

"Mhadhiri si mpenzi wako."

Akachukua kopi zake za vyeti, za kuombea kazi mji mwingine, akamshika shavu kidogo, akaondoka. Kijana alibaki kwenye foleni hata zamu yake ilipofika, hana cha kutoa kopi.

Mwaka uliofuata alifanya kila zoezi kwa mkono. Mtihani wa mwisho ulikuja na integrali yenye fujo kwelikweli. Akaijengea kijumba, akakitia kidirisha, akapiga hesabu, akafungua mlango.

Akapata sabini na nane. Karatasi iliporudi, msahihishaji mpya alikuwa amekizungushia kijumba wino mwekundu, na pembeni ameandika: "Hii nini?"

Kijana akacheka peke yake. Akatoa simu aanze kumsimulia dada, akaitafuta ile namba, akakumbuka. Akairudisha mfukoni.