Majivu Kwenye Kioo

Kila Jumamosi jioni Safia alipanguza vumbi kwenye darubini ya Mwalimu Félicien. Darubini hiyo ilikuwa na vioo viwili vya kuchungulia. Kirefu kilionyesha sehemu pana ya anga, kizuri kwa makundi ya nyota. Kifupi kilikuza zaidi, na ndicho kilichoonyesha pete za sayari ya Zohali.

Siku hiyo kioo kifupi kilikuwa kimeota kuvu. Safia hakuuliza mtu. Alifanya kama afanyavyo kwa sufuria za mama yake: alichota majivu jikoni, akasugua. Kuvu lilitoka, lakini kioo kilijaa mikwaruzo. Akakirudisha katika kisanduku cha vioo, bila kumwambia mtu.

Giza lilipoingia, wazazi na wanafunzi walikusanyika uwanjani kutazama Zohali. Mwalimu alichungulia, akakunja uso.

"Nani alishika hii kioo?"

"Ni Aimé njo alikuwa nayo," Safia akasema, mdomo ukiitangulia akili.

Aimé, mwanafunzi mwenzake, aliduwaa. "Mimi hapana, Mwalimu. Sikuigusa."

"Rudi nyumbani," Mwalimu akamwambia. "Kazi ya darubini imekwisha kwako."

Mama Geneviève, mama mzazi wa mwalimu, alikipapasa kioo kile. "Wakati wa vita tulikimbilia pori ya Lokandu," alimwambia mwanawe taratibu. "Baba yako aliniambia niache vyote, nibebe hii vioo. Nilivifunga na wewe ndani ya kitenge, kwa mugongo. Havikupata hata alama moja."

Safia aliona aibu. Kioo kilichopona vita, yeye alikiharibu kwa majivu ya jikoni. Na kule langoni Aimé alikuwa akiondoka, huku wenzake wakimzomea.

"Mwalimu, muite Aimé," akasema, akilia. "Ni mimi. Nilisugua na majivu. Nilisema uongo."

Aimé aliporudi, Safia alimwomba msamaha mbele ya watu wote. Mwalimu naye alimwomba, kwa kumfukuza bila kumsikiliza. Kisha akatoa kisandukuni kioo kidogo cha kuongeza nguvu, akakiunganisha na kile kirefu, akaelekeza darubini. Aimé alichungulia wa kwanza, akatabasamu: pete za Zohali zilionekana.

"Kumbe iko njia ingine," Safia akanong'ona.

"Iko," mwalimu akajibu. "Ungeniambia mapema, ingekuwa kazi ndogo tu. Kioo ikiharibika, mutoto wangu, tunaweka ingine. Lakini Aimé iko na jina moja tu, na leo uliichafua. Kesho, kila mutu aliyemuzomea, umuendee wewe mwenyewe umuambie ukweli."