Presha ya Nikolaus

Mgonjwa wa kwanza asubuhi ile alikuwa bibi mmoja wa Nzuguni aliyekuja kwa ajili ya miguu kuvimba. Nesi Restuta alimfunga mkanda wa mashine ya presha, akabonyeza, akasubiri. Mashine ikasimama kwenye mia na tisini na nane kwa mia na ishirini na sita. Restuta akashtuka. Bibi mwenyewe alikuwa ametulia kwenye kiti, anamumunya ubuyu na kulalamikia benchi la wagonjwa kwamba limevunjika mguu. Mtu mwenye presha ya namna ile hana nafasi ya kulalamikia benchi.

Akampumzisha, akamwita wa pili, mama mjamzito. Mia na tisini na nane kwa mia na ishirini na sita. Akabadilisha betri. Wa tatu alikuwa fundi seremala, mzima kabisa, kajikata kidole tu. Namba zilezile. Restuta akaazima mashine ya chumba cha pili, nayo ikasema hivyohivyo. Mwisho akafunga mlango, akauvaa mkanda yeye mwenyewe, na alipoona namba zinapanda na kusimama palepale, aliung'oa mkanda mkononi.

Namba hizo alizijua. Alikuwa ameziona mara moja tu maishani, kwenye mkono wa kijana aitwaye Nikolaus, na hakuziandika popote. Alimwambia mtu mmoja tu, mumewe Yotham. Na Nikolaus alikuwa na wiki ya sita kaburini.

Huyo Nikolaus alitoka Kwa Mtoro, huko Chemba, Msandawe wa miaka ishirini na mitatu aliyekuja Dodoma kubeba zege kwenye majengo ya serikali kule Mtumba. Yotham alimwona akipandisha ndoo ghorofani kana kwamba amebeba vikombe vya chai, akamwambia, "Dogo, mwili huo unaupoteza bure." Yotham alikuwa kocha wa watunisha misuli. Jimu yake ilikuwa bandani, uani kwake, mabati juu na vyuma vya kuchomelewa ndani. Wafanyakazi wa wizarani walikuja jioni kupunguza vitambi, lakini roho ya Yotham ilikuwa kwenye mashindano. Alitaka mtu wake asimame jukwaani, ukumbi mzima uulize, huyu kafundishwa na nani?

Vichupa vya dawa ya kujaza misuli vilimfikia vikiwa vimekwanguliwa karatasi za majina. Kimoja kilibakiwa na pembe ya picha, na kwenye ile pembe zilionekana kwato za mnyama. Yotham hakuwa na mkono wa sindano. Mkewe alikuwa nao. Kila Jumatano na Jumamosi Nikolaus alilala kifudifudi kwenye kochi la sebuleni, Restuta akamchoma, na kijana akainuka akisema, "Ahsante, shemeji." Kwa miezi minne mwili uliumuka kama unga uliotiwa hamira. Mgongo ukajaa chunusi, macho yakawa mekundu, usingizi ukamhama. Kisha siku moja, saa sita mchana, alilala kwenye benchi, akakishusha chuma hadi kifuani, na hakukipandisha tena.

Ndugu walipokuja kuchukua maiti, Yotham aliwaambia kwamba marehemu alikuwa na moyo mbovu wa kuzaliwa. Restuta alisimama pembeni, pindo la kanga mdomoni, akanyamaza.

Sasa, siku ile ya mashine, aliomba ruhusa zahanati akarudi nyumbani kwa miguu. Jua lilikuwa utosini, mtaa mzima umejifungia kukimbia joto. Alipofungua geti alipokelewa na harufu: jasho lililochacha, dawa ya kuchua, na juu yake ile harufu kali ya spiriti ya kupangusia ngozi kabla ya sindano. Halafu akasikia pumzi. Ilitoka bandani. Ilikuwa pumzi ya mtu aliye chini ya mzigo. Inavutwa, inabanwa, inaachiwa kwa mkoromo. Mlango wa banda ulikuwa na kufuli kwa nje. Restuta akachungulia kwenye upenyo wa mabati. Hakukuwa na mtu. Lakini ngozi ya benchi ilibonyea, ikainuka, ikabonyea, kama inavyofanya mgongo mzito unapokuwa juu yake.

Yotham alikuwa sebuleni, anakula.

"Yotham," alinong'ona, "bandani yuko nani?"

"Kumefungwa. Ufunguo si huu hapa?"

"Hebu sikiliza."

Kijiko kilisimama hewani. Alisikia, Restuta alimwona usoni kwamba amesikia.

"Upepo," Yotham akasema.

"Upepo haubani pumzi."

"Nimesema upepo, Restuta." Aliyasema kwa sauti ya chinichini, kama mtu anayeogopa kwamba mwingine naye anamsikiliza.

Kesho yake, saa ileile, kilikuja kisulisuli. Dodoma ya kiangazi watu wamevizoea visulisuli; vinazuka uwanjani, vinazungusha vumbi na mifuko ya nailoni, watoto wanavitemea mate, vinapita. Hiki hakikupita. Kiliruka ukuta, kikasimama katikati ya ua kikizunguka polepole bila kusogea, kirefu kuliko bati la nyumba, na Yotham aliyekuwa akifua fulana zake kwenye beseni akaiacha fulana majini na kukitazama, na Restuta kutoka dirishani akaona vumbi lile likianza kupata mabega, mabega mapana ya kijana aliyebeba zege, na shingo nene iliyofutuka, na kabla hajapata sauti ya kupiga kelele kile kitu kiliinama juu ya mumewe kama mtu anayetaka kumnong'oneza, kikamwingia puani na mdomoni chote, mpaka ua ukabaki mtupu na mweupe na jua likiwaka.

Yotham akainuka. Akaenda bandani, akang'oa kufuli kwa mkono, akalala kwenye benchi na kuanza kunyanyua.

Alinyanyua saa nzima. Restuta alimvuta, akamwita, akamwagia maji. Macho ya Yotham yalikuwa wazi na yalimwona, machozi yalimtiririka hadi masikioni, lakini mikono haikumsikiliza. Ilipotimia saa saba, chuma kilimtoka kikaanguka sakafuni. Akasema, "Si mimi. Mke wangu, nakuapia, si mimi ninayenyanyua."

Ikawa hivyo kila mchana. Walimpeleka hospitali, wakampima asubuhi wakamkuta mzima. Saa sita ilipofika, wanaume wanne hawakuweza kumshika kitandani, akanyanyua kitanda cha chuma kifuani pake mpaka saa saba. Wagonjwa wa wodi ile wakakimbilia nje na dripu zao. Ndugu wakamrudisha nyumbani. Na kila siku mwili wake ulizidi kufura. Shingo ilimeza kidevu. Mishipa ilimtambaa kifuani, minene kama kamba ya kufungia ng'ombe. Usiku alilala kama gogo, na mchana alichukuliwa tena.

Mchungaji aliomba akachoka. Ndipo jirani akawaambia habari za Mzee Mazengo wa Chamwino, ambaye kazi yake ilikuwa kuondoa mapepo. Alikuja na mfuko wa majani na mkia wa nyumbu, akaketi bandani mpaka saa sita. Yotham alipoanza kunyanyua, mzee alimfukiza, akamkaribia sikio, akasema na kilichokuwa ndani yake muda mrefu. Sauti iliyomjibu ilitoka kwenye koo la Yotham lakini haikuwa ya Yotham wala ya mtu yeyote. Ilikuwa nzito na kavu, kama mawe yanayosagana.

Mzee alitoka uani akajipangusa jasho.

"Shikamoo, babu," Restuta alisema. Alikuwa amesahau kumsalimia tangu asubuhi.

"Marahaba. Mjukuu wangu, yule kijana wenu marehemu amelala kaburini mwake. Hilo lililomo ndani si yeye. Ni jini la mbugani. Linatembea na visulisuli, linanusa nyumba ambayo damu imefichwa. Likiipata, linavaa umbo la marehemu na kudai."

"Litoe, babu."

"Siliwezi. Limesimama juu ya haki ya mtu. Mwenye haki akitamka kwa mdomo wake kwamba amesamehe, litakosa pa kukanyaga."

"Mwenye haki ni nani?"

"Aliyemzaa."

Alfajiri ya Jumapili Restuta alipanda basi la Kwa Mtoro. Mama Angelina, mama yake Nikolaus, alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye Kiswahili cha kuchagua neno mojamoja. Hakuuliza mengi. Alisikia kwamba kocha wa mwanawe anaumwa na anamwita, akafunga kanga mbili kwenye mfuko, akafunga mlango.

Walifika Jumatatu, saa sita ikiwa imepita kidogo. Mama Angelina alisimama mlangoni mwa banda akimtazama Yotham, ambaye alikuwa juu ya benchi na pumzi inamkoroma. Akatazama benchi.

"Ni hapa?" aliuliza.

"Ni hapo, mama," Restuta alijibu.

Mzee Mazengo akamweleza lile neno la kutamka. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Yotham.

"Mwanangu alikufa kwa nini?"

Yotham alisema katikati ya pumzi, kwa sauti yake mwenyewe, "Mama... alikuwa anajichoma... mwenyewe. Nilimkataza."

Chuma kikaongeza kasi. Kifua cha Yotham kikalia ndani, ko, kama kuni mbichi inayovunjwa.

Restuta alipiga magoti kwenye vumbi. "Mama, si kweli. Nilimchoma mimi. Dawa alileta Yotham, sindano nikachoma mimi, sebuleni, kwenye kochi letu. Na presha yake niliipima. Mtu mwenye presha ile unamlaza hospitali siku hiyohiyo. Nilimwambia Yotham. Akasema mashindano yako karibu, tusimtishe mtoto. Nikanyamaza."

"Mwanangu hakusema kitu?"

"Alisema kichwa kinapasuka. Aliomba aje nyumbani kwako apumzike."

"Ukamjibu nini?"

Restuta aliinamisha kichwa. "Nilimwambia avumilie. Zimebaki siku nne tu."

Mama Angelina aliinama, akachota vumbi chini ya benchi kwa vidole vitatu, akalitazama, akaliachia. Alisema maneno machache kwa Kisandawe, ya kugonga ulimi kaakaani, na hakuwa akimwambia jini wala watu waliokuwa pale; alikuwa akisema na mwanawe. Kisha akajifunga kanga yake vizuri.

"Mimi si mtu wa kinyongo," alisema. "Nitasamehe. Leo Jumatatu. Nitakuja Ijumaa."

"Mama!" Restuta alimshika miguu. "Hatafika Ijumaa. Mwangalie! Anakufa!"

"Avumilie," alisema Mama Angelina. "Zimebaki siku nne tu."

Akatoka. Alikuwa na binamu yake Ipagala, akaenda kukaa huko.

Jumanne Yotham alinyanyua damu ikimtoka puani. Jumatano alimwita mkewe kwa macho, akatamka, "Nimedanganya, mwambie nimedanganya," na Restuta akakimbia hadi Ipagala, akalia mlangoni kwa binamu mpaka majirani wakajaa, na jibu alilopewa lilikuwa kwamba mama amelala na amesema asiamshwe mpaka Ijumaa. Alhamisi saa sita na nusu, mbele ya Restuta aliyekuwa amekishika chuma kwa mikono miwili akikivuta juu kwa nguvu zake zote, chuma kiliteremka taratibu, hakikuanguka, kiliteremka kama mtu anayelaza mtoto, kikakaa juu ya kifua cha Yotham na kuendelea kushuka, na Restuta akasikia mbavu zikivunjika moja moja, na akaona mumewe anamtazama mpaka pale ambapo macho yalibaki lakini hayakuwa yanamtazama tena.

Ijumaa Mama Angelina alikuja, kama alivyoahidi. Watu walimpisha hadi kwenye jeneza. Akaweka kiganja juu ya mbao.

"Yotham, nimekusamehe."

Vumbi likainuka mlangoni mwa banda, likajizungusha mara moja, likaruka ukuta. Mabati yakaalika, kisha ua ukatulia kwa namna ambayo haukuwahi kutulia kwa wiki mbili. Waombolezaji wengine walianza kumshukuru Mungu kwa sauti.

Restuta alimfuata mama hadi getini.

"Na mimi, mama?"

Mama Angelina alimgeukia. "Wewe umeniambia mimi. Kuna watoto wa watu wengine wanachomwa hizo dawa. Wao wameambiwa?"

"Hapana."

"Unawajua?"

Restuta alifikiria simu ya Yotham, majina ya vijana wa jimu nyingine waliokuwa wakichukua vichupa kwake. "Wengi, mama."

"Kawaambie. Wote. Ukimaliza, nitumie mtu, nitakuja."

"Na nikishindwa?"

"Hicho kitu kimetoka kwa Yotham," alisema Mama Angelina, akiinua mfuko wake. "Sijakiambia kiende wapi."

Wiki iliyofuata Restuta alikwenda kwenye jimu ya kwanza, huko Ilazo. Ilikuwa mchana, muziki unapiga, vijana kumi na mmoja wasio na mashati wananyanyua vyuma mbele ya kioo. Alisimama mlangoni. Alifikiria kazi yake, leseni yake, polisi, mdomo wa mtaa, na mguu wake mmoja ukageuka kurudi. Hapo ndipo alipohisi joto kwenye kisogo, na harufu ya spiriti, na pumzi iliyovutwa polepole nyuma yake, ikabanwa.

"Vijana," alisema. "Mimi ni Restuta. Ni nesi. Mke wa marehemu Yotham."

Mmoja akazima muziki.

"Nikolaus hakufa kwa moyo wa kuzaliwa. Nilimchoma mimi. Na dawa niliyomchoma ni hiyohiyo mnayotumia nyinyi."

Vyuma viliwekwa chini, kimoja kimoja. Walimsikiliza wote. Lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa akimtazama usoni. Macho yao yalikuwa juu kidogo ya bega lake la kulia, na yule aliyekuwa karibu zaidi na mlango alianza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka mgongo wake ukagusa kioo.

Restuta hakugeuka. Aliendelea kusema.