Hajapungua, Amekonda

Kila asubuhi, kabla cherehani ya mama yake haijaanza kuunguruma, Kinda alifagia sebule. Kazi hiyo ilitaka macho. Mama yake alikuwa fundi wa nguo na sebule ndiyo iliyokuwa mahali pake pa kazi, hivyo chini ya meza hapakukosa nyuzi, vipande vya vitambaa na pini zilizomponyoka. Kinda aliziokota pini kwa sumaku, akazirudisha kwenye kopo lake, kisha akaenda uani kupiga mswaki. Alipiga upande wa kulia tu. Upande wa kushoto hakuugusa.

Kinda ni jina alilopewa na shangazi yake siku alipozaliwa, naye alilipenda. Shuleni walimwita Pipa.

Baba yake alikuwa dereva wa lori, mtu wa safari ndefu. Dada yake baba, yaani shangazi, aliishi chumba cha nyuma, na kwenye dirisha la mbele alikuwa na kiduka cha sabuni, viberiti, soda na peremende. Mama na shangazi hawakuivana. Wakipikia chungu kimoja, kila mmoja alisema mwenzake amezidisha chumvi.

"Wifi, cherehani yako inanifukuzia wateja," shangazi alisema asubuhi moja.

"Wateja gani? Nzi wa peremende?" mama alijibu bila kuinua macho.

Kinda aliyazoea maneno hayo. Asiyoyazoea ni yale yaliyomhusu yeye. Mama yake alimpima sare mbele ya wateja, akaishika futi yake ya kupimia na kusema kwa sauti, "Tazameni jamani! Sketi ya mtoto huyu inakula kitambaa cha watu wawili." Wateja walicheka. Mmoja tu, mama mmoja mzee aliyeleta pazia, hakucheka. Alimvuta Kinda pembeni akamwambia, "Una macho mazuri, mjukuu wangu." Kinda alilikumbuka neno hilo kwa muda mrefu.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Palikuwa na msichana mmoja waliyempa jina la Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimwa. Kinda akiingia darasani, Redio alipaza sauti: "Sogeeni, Pipa linapita! Madawati, shikaneni!" Darasa zima liliangua kicheko.

Jino lilikuwa limeanza kuuma siku moja Kinda alipokuwa akila peremende. Lilikuwa gego la chini, upande wa kushoto. Alikwenda kwa mama yake, akafungua mdomo. Mama alichungulia huku mguu mmoja ukiwa bado kwenye kanyagio la cherehani.

"Limetoboka kidogo. Hilo jino la utoto, litang'oka lenyewe. Nenda kasuuze mdomo, mteja anasubiri suruali yake."

Akaenda kwa shangazi. Shangazi alimpa karafuu aibane kwenye jino, akampapasa kichwa na kusema, "Pole, kinda langu." Kisha, ili kumtuliza, akampa peremende nyingine.

Maumivu yalikuja na kuondoka, halafu yakaja na kukaa. Kutafuna kukawa kazi nzito. Kinda alikunywa uji mwepesi, na chakula kigumu akakimwaga kwa kuku wa jirani kupitia tundu la ua. Kuku walinenepa. Kinda akapungua.

Mama yake ndiye aliyeona kwanza. "Hebu simama hapa," alisema, akaibana sketi kiunoni kwa pini. "Heeh! Umepungua! Nilikuambia mtoto anayejizuia hupata umbo." Akatabasamu. Kinda hakukumbuka ni lini mama yake alimtazama na kutabasamu namna ile.

Hata Redio aliona. "Pipa limetoboka," alitangaza darasani. "Maji yanavuja!" Wenzake walicheka, lakini jina likaanza kufifia midomoni mwao. Ikapita siku nzima bila mtu kulitaja.

Hapo Kinda akafanya uamuzi wake. Jino lilikuwa likimuuma, lakini jino hilohilo ndilo lililomfukuzia jina la Pipa na kumletea tabasamu la mama. Akilisema, watalitibu. Wakilitibu, atakula. Akila, atanenepa. Basi akafunga mdomo wake, akaanza kulilinda jino bovu kama mtu anavyolinda mali.

Lakini shangazi alikuwa akitazama. Jioni moja aliingia sebuleni, akasimama mbele ya cherehani.

"Wifi, huyu mtoto hajapungua. Amekonda."

"Tofauti iko wapi?"

"Aliyepungua anang'aa. Huyu macho yameingia ndani na shingo imebaki kama ya kifaranga. Huko ni kukonda, wifi. Mtu hakondi bila sababu."

Mama alisimamisha cherehani. "Sababu ninayo. Wewe ulimnenepesha kwa peremende zako kama kuku wa kuuza. Sasa amenisikiliza mimi, roho inakuuma."

"Roho yangu haiumi! Kuna kitu kinachomuuma yeye!"

"Muulize basi! Si yuko hapa?"

Wakamgeukia wote wawili, nyuso zimekunjwa. "Kinda, sema! Unaumwa?"

Kinda aliwatazama. Aliona kwamba akisema ndiyo, shangazi atashinda; akisema hapana, mama atashinda. Hakuna aliyekuwa akiulizia jino. Ulimi wake ulikuwa umelala juu ya lile tundu.

"Siumwi," alisema. "Najizuia tu kula."

"Umesikia?" mama akasema. Shangazi aliondoka kwa hasira, pazia la mlango likabaki likiyumba. Hata hivyo, alipofika dirishani kwake, aliivuta mitungi ya peremende akaisogeza juu kabisa, mahali ambapo mkono wa Kinda haufiki.

Haukupita muda, darasani, mwalimu aliwapanga wanafunzi wasome wawili wawili kwa kitabu kimoja. Kinda alipangwa na Redio. Alipofungua mdomo asome mstari wa kwanza, Redio aliruka.

"Mwalimu, naomba nihame! Kinywa cha huyu kinanuka kama panya aliyefia darini!"

Darasa lilicheka mpaka mwalimu akagonga meza. Kinda alijifunika mdomo kwa kiganja, asikiondoe hata kengele ya mapumziko ilipolia. Alikwenda kukaa peke yake nyuma ya tangi la maji. Mwili ulikuwa ukimtetemeka, ilhali jua lilikuwa kali.

Redio alimfuata huko. "Wewe, toa mkono huo."

"Niache."

"Toa, nimesema!" Akauvuta mwenyewe, halafu akanyamaza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Shavu lako limevimba."

"Halijavimba."

"Unadhani mimi kipofu? Ulikuwa pipa la pande zote. Sasa umekuwa pipa la upande mmoja." Akamgusa paji la uso, akaondoa mkono haraka. "Mama yangu wee! Unaweza kuinjika maji hapa. Simama twende kwenu."

"Usiwaambie. Nitanenepa tena."

"Utanenepa? Utakufa, mjinga wewe!"

Redio alimwomba mwalimu ruhusa, akamshika Kinda kwapani wakatoka. Alimgombeza njia nzima. "Tembea! Usinizimikie hapa, watu wakasema nimekuroga. Uzito gani huu, na wanasema umepungua!" Lakini alibeba mikoba yote miwili, na kila walipopinda kona alihamia upande wa jua ili kivuli chake kimwangukie mwenzake.

Walipofika, Redio hakubisha hodi. "Mama, mwanao anaoza mdomo!"

"Binti, adabu yako iko wapi?" mama alifoka.

"Adabu nitaifuata baadaye. Mwangalie kwanza."

Mama alimfungua Kinda mdomo mbele ya dirisha, penye mwanga. Harufu ikamfikia. Ufizi ulikuwa umevimba na kuwa mwekundu, na katikati ya gego palikuwa na tundu jeusi. Shangazi alikuwa ameshakuja mbio, funguo za duka mkononi.

"Lakini ni la utoto," mama alisema, sauti imemshuka. "Lilikuwa la utoto."

"Nilikuambia amekonda!"

"Na peremende alizipata wapi?"

"Nyie!" Redio akapiga kelele. "Mtoto anachemka!"

Shangazi alimtupia Redio funguo za duka. "Kaa dirishani mpaka turudi. Na usile kitu." Walipokuwa wanatoka, Redio alitoa kichwa nje. "Mrudisheni upesi," alisema. "Nitamcheka nani?"

Daktari wa meno alikuwa mama mwembamba, mkavu wa maneno. Chumba chake kilinukia dawa, na kiti chake kilipanda na kushuka kwa kukanyagwa. Alimulika taa mdomoni mwa Kinda, akatazama kwa muda mrefu.

"Nani mlezi wake?"

"Mimi."

"Mimi."

"Mimi ndiye mama. Huyu ndiye anayempa peremende."

"Na huyu ndiye aliyesema jino ni la utoto!"

Daktari aligonga trei ya vyuma. "Humu ndani anayefungua mdomo ni mgonjwa peke yake."

Kisha akawaonyesha kwa kioo kidogo. "Hili si jino la utoto. Gego hili huota mtoto akikaribia kuanza shule, nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Ndiyo maana wengi mnadhani ni la utoto, mnaliacha lioze mkingoja lingine. Hakuna lingine. Hili alikuwa atafune nalo mpaka uzeeni. Usaha umeshajaa chini yake na homa imeshaingia. Mngechelewa zaidi, tusingekuwa tunazungumzia jino, tungekuwa tunazungumzia mtoto. Nitaling'oa."

Mama alishika ukingo wa kiti. Shangazi alimsogezea benchi, naye akakaa.

Ganzi ilipokolea, daktari alifanya kazi yake. Kinda alisikia kitu kikivutwa na kukwanyuka, lakini hakusikia maumivu. Daktari alimwekea pamba, akamwambia aing'ate. Jino lilikuwa kwenye trei, jeusi juu, na mizizi mirefu. Kinda hakulitazama. Alisema kwa shida kupitia pamba:

"Daktari, nikianza kula, nitanenepa tena?"

Hakuna aliyetarajia swali hilo. Daktari alivua barakoa. "Ndiyo sababu ulinyamaza?"

Kinda aliitikia kwa kichwa. "Waliacha kuniita Pipa. Na mama alifurahi."

Mama aliinamisha uso, akautazama mkono wake, ule uliobana sketi kwa pini, kama ulikuwa wa mtu mwingine.

"Sikiliza," daktari alisema, na sasa sauti yake haikuwa kavu. "Mwili wako bado unakua. Utaongezeka kidogo, na unatakiwa uongezeke, maana homa na njaa vimekula nguvu zako. Anayetaka mwili mzuri anakula chakula cha kweli, anaacha soda na peremende, anakimbia, anacheza. Hayo yanajenga. Maumivu hayajengi mwili wa mtu. Yanaubomoa. Sasa niambie ukweli. Kuna jino lingine linalouma?"

Kinda alimtazama mama yake, akamtazama shangazi. Ilikuwa rahisi kutikisa kichwa na kwenda nyumbani.

"La juu," alisema. "Kulia. Maji baridi yakiligusa."

Daktari akawasha taa tena, akachungulia, kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Hili tumeliwahi. Tundu ni dogo. Homa ikiisha utarudi nilizibe, nawe utabaki nalo. Umeliokoa kwa kusema."

Walipotoka barabarani, mama alimshika Kinda mkono wa kulia na shangazi akamshika wa kushoto. Mama ndiye aliyeanza.

"Wifi, uliona mapema. Mimi sikutaka kuona kwa sababu ulikuwa umeona wewe."

"Na mimi niliona matokeo, nikasahau kwamba sababu ilikuwa kwenye mitungi yangu," shangazi akajibu. "Na bado chumvi unazidisha."

"Wewe ndiye unayeizidisha."

Kisha mama akasimama, akamwinamia binti yake. "Mwanangu, nilifurahia kupungua kwako bila kuuliza umepunguzwa na nini. Nilikucheka mbele ya watu, nikakufundisha kuuonea haya mwili wako, nawe ukaona bora uumie kuliko kuchekwa. Kosa hilo ni langu. Lakini na wewe ushike jambo moja. Ugonjwa ukifichwa hukua. Mwili ukiuma, sema. Sema hata tukiwa tumekasirika, hata tukiwa tunagombana. Sauti zetu zikiwa juu, ya kwako ipandishe zaidi."

Kinda alisogeza pamba kwa ulimi. "Hata sasa?"

"Hata sasa."

"Basi mnaniumiza mikono. Kila mmoja anavuta kwake."

Wanawake wale wakatazamana, wakalegeza vidole. Wakaendelea kwenda naye katikati yao, wakifuata mwendo wake.