Siku ya Edina Kimondoni

Haya yalimpata rafiki yangu Edina mwaka 2009, alipokodi teksi Tunduma akaone kimondo cha Mbozi, lile bonge la chuma lililoanguka kutoka angani, kabla ya kurudi Dodoma. Dereva, Lusubilo, alisimama Mpemba kununua mahindi ya kuchoma, akasimama Vwawa kwa mishkaki, kisha akapita kumsalimia shemeji yake.

"Kaka, nimekodi gari, sikukodi ukoo wako," Edina alimwambia.

"Tutafika, dada. Kile chuma hakina miguu."

Walifika jioni, ukungu umeshatanda. Lusubilo alibaki garini akimalizia mishkaki. Edina alishuka peke yake amenuna, na kila picha aliyopiga ilitoka nyeupe tupu. Kwa hasira aliokota kokoto, akakigonga kimondo mara mbili. Kikalia kama kengele.

Upande wa pili kukagongwa mara mbili.

"Lusubilo, acha utani. Nimechoka."

Sauti ya dereva ikatokea mbali, kule kwenye gari. "Unaniita, dada?"

Edina akazunguka kimondo. Hakukuwa na mtu, wala nyayo kwenye tope ila zake. Akaegemeza kiganja kwenye chuma baridi ili apumue.

Kukagongwa tena, polepole, mara tatu, kutoka ndani, chini ya kiganja chake.