Mgeni wa Sifuri

Kosa la Saeed lilikuwa dogo, na ndilo lililomponza. Alikuwa mtu mzima, karani wa benki katika mtaa wa Ruwi, lakini akitoka kazini mchana aliacha wali upoe mezani ili awahi vita vyake vya kompyuta. Mwaka huo, 2005, aliishi yeye na mama yake tu, Bi Mwanamize, mzaliwa wa Unguja.

Alipochoka kucheza kwenye seva za watu, kompyuta zinazokusanya wachezaji, akaamua kufungua yake. Alihangaika siku tatu na ruta, kisanduku cha kuletea intaneti kwa waya wa simu. Akaipa kompyuta anwani isiyobadilika, akafungua poti ya mchezo ili watu wa nje wapate kuingia, akaizima na kuiwasha mpaka ikakubali. Mwisho akaandika salamu ya kumtokea kila aingiaye, ile ile aliyozoea kuisikia kwa mama yake tangu utotoni: Karibu, nyumba ni yako.

Watu wakaingia. Ubavuni mwa kila jina palikuwa na namba ya kuonyesha yuko mbali kiasi gani. Loay wa mji wa Salala, sitini. Badr, jirani wa ghorofa ya chini, kumi na tano. Wa tatu hakuwa na jina, na namba yake ilikuwa sifuri. Sifuri ni ya mtu aliyekaa kwenye kompyuta yenyewe, na hapo alikaa Saeed peke yake. Saeed akacheka, akasema ruta imekosea.

Kesho yake saa nane mchana, jua limewafungia watu majumbani, alinusa udi.

"Mama, umefukiza?"

"Sijafukiza mie," Bi Mwanamize alinong'ona. "Na nani huyo ulomwingiza? Tangu jana nnamsikia anavua viatu ukumbini."

Saeed alishikwa na woga. Akaifunga poti, yule asiye na jina akabaki. Akachomoa waya wa simu, na Loay na Badr wakapotea, lakini sifuri ilikuwa pale pale, basi akang'oa na waya wa umeme, kioo kikazimika, ila taa za ruta ziliendelea kupepesa bila umeme wowote huku udi ukizidi kumkaba koo, na chumbani akamsikia mama yake akicheka kwa sauti ya chini na mtu, kicheko ambacho hakukisikia tangu baba yake azikwe.

Maalim Musallam, mtoa majini, aliletwa kutoka kijiji cha Yiti. Alisoma mpaka sauti ikamkauka, Bi Mwanamize akimtazama tu.

"Kakaribishwa na nani?" Maalim aliuliza polepole.

"Na mimi. Niliandika tu, Maalim."

"Uliandika nini?"

Saeed akamwambia. Maalim akafunga msahafu.

"Jini alovamia nnamtoa. Huyu hakuvamia. Umempa nyumba na vyote vilomo."

"Basi nitahama na mama yangu."

"Jaribu, mwanangu."

Saeed akamshika mama yake mkono. Kizingitini Bi Mwanamize akakatika pumzi, midomo ikawa ya buluu. Akamrudisha ndani, akapumua. Mara tatu alijaribu, na mara ya tatu Maalim ndiye aliyelia.

Asubuhi iliyofuata Saeed alitoka kununua mkate. Aliporudi ufunguo haukuzunguka, na udi ulikuwa ukipita chini ya mlango.

"Mama! Nifungulie!"

"Piga hodi, baba," mama yake alinong'ona kwa ndani. "Ndivyo anavyotaka."

Bi Mwanamize alimlea hivyo: hodi tatu, usipoitikiwa unarudi ulikotoka. Saeed alisimama mbele ya mlango wake mwenyewe, mkate mkononi, machozi yakimtoka.

"Hodi."

Alibisha tena.

"Hodi, tafadhali."

Viatu viliburuzwa ukumbini, vikaja mpaka mlangoni, vikasimama.

"Hodi," alisema ya tatu.

Ndani, mama yake alianza kumkaribisha. Mgeni akamkatiza kabla hajalimaliza neno, na hodi tatu zilikuwa zimekwisha.